Mizigo Iliyoondoka na Mzigo Uliogoma

Ninyi mnaotusikiliza mkiwa kwenye foleni ya malori kuelekea mpakani Tunduma, poleni na kusubiri. Mazungumzo ya leo ni yenu zaidi, maana muda mnao.

Nataka tuzungumzie makumbusho. Najua kwa wengi wetu neno hilo linaleta kumbukumbu za safari za shule: kuamshwa usiku, kubanwa kwenye kosta, mwalimu anahesabu vichwa, halafu mtu anaongea haraka haraka mbele ya kabati la kioo na wewe unawaza saa ya kula. Mimi nimeyapenda majumba haya ukubwani, hasa yale ya pembezoni, yenye vitu mchanganyiko, ambako ngozi ya chatu inaning'inia jirani na taipureta ya bwana shauri na hakuna anayetaka radhi kwa hilo. Makumbusho ya mji mkuu yana kazi ya kulieleza taifa, kwa hiyo yanapanga, yanachuja, yanapamba. Ya mkoani hupokea kilicholetwa. Ndiyo maana ukitaka kuijua sehemu, anzia huko.

Sasa kuna kauli ninayoisikia vijiweni, kwamba mkoa wetu wa Songwe ni mchanga, umezaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, kwa hiyo hauna historia ya kuweka kabatini. Kauli hiyo naikataa. Historia ipo, tena nzito. Sehemu kubwa imo kwenye makabati ya watu wengine, na kile kilichobaki nyumbani kimebaki hasa kwa sababu kilishindikana kubebwa. Nipeni nafasi nieleze, na nitaanzia nje ya mpaka, kwa jirani.

Ukivuka mpaka wa Zambia pale Nakonde ukashika njia ya kwenda Mbala, au ukipenda ukazunguka kwa Sumbawanga, Matai na Kasesya, utafika kwenye mji mdogo wa baridi juu ya milima, ule ambao wakoloni wa Kiingereza waliuita Abercorn. Ziwa Tanganyika liko chini yake, kwenye bandari ya Mpulungu. Nje kidogo ya mji yapo Makumbusho ya Moto Moto. Jina ni la mtu: Joseph Dupont, Mfaransa, askofu wa Mapadri Weupe, ambaye Wabemba walimpachika jina hilo na likamganda. Huyu bwana hakuwa wa kawaida. Mwaka 1898, Mwamba, mmoja wa watawala wakubwa wa Wabemba, alipokuwa mahututi, Dupont alikuwa kando ya kitanda. Mwamba alipokata roho, askofu akatangaza kwamba marehemu amemwachia yeye nchi. Watu wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala upande ule hawakuvumilia mfalme wa Kifaransa mwenye rozari, wakaingilia kati. Lakini jina lilibaki, na leo liko mlangoni mwa makumbusho.

Aliyekusanya vitu ni mwingine, Padri Jean-Jacques Corbeil, Mkanada wa shirika lile lile. Alianza miaka ya 1950 akiwa kwenye misheni za Ubemba, akipokea, akinunua, akiuliza. Akihamishwa, mkusanyiko nao unahama. Mwisho ukatua Mbala, kwenye majengo yaliyokuwa ya misheni, na tangu 1974 ni sehemu ya makumbusho ya taifa ya Zambia. Ukiingia unaona wazi kwamba mkusanyaji alikuwa mtu mmoja mwenye macho ya tamaa: ngoma, mitego, vyungu, vifaa vya waganga, vifaa vya wahunzi, silaha za vita vya Wazungu, mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Hupati uzi mmoja wa kuyaunganisha yote, na mimi sikuutafuta.

Nilifuatana na mama mmoja Mnyamwanga, mfanyabiashara wa mchele wa Kamsamba, ambaye ana ndugu pande zote mbili za mpaka kama walivyo Wanyamwanga wengi. Tulitembea pamoja vizuri hadi tulipofika kwenye mbusa. Hapo akasimama, akanigeukia.

"Baba, wewe nenda kaangalie zile ngoma. Hapa siyo pako."

Nikamwambia mama, vitu vimewekwa wazi, hata watoto wa shule wanapita.

"Waliviweka wao. Mimi nakwambia siyo pako."

Nikaenda kwenye ngoma. Nilirudi baadaye peke yangu, kwa kuibia, na ninawaeleza nilichoona kwa sababu kimeshaandikwa vitabuni na dunia nzima. Mbusa ni vitu vya mafunzo ya chisungu, jando la kike la Wabemba. Wenzetu wa pwani na kusini wangesema unyago. Ni vinyago vya udongo wa mfinyanzi, vilivyopakwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, vitone vitone, mistari mistari. Kuna nyoka, kuna jembe, kuna nyumba, kuna mwanamke mjamzito. Kila kimoja kina wimbo wake, na ndani ya wimbo ndimo lilimo somo. Kobe, kwa mfano, ni onyo kwa mke mchoyo: kwenye nyumba za watu hutoa shingo nje akala, kwake huingiza kichwa ndani. Kwa macho tu utaona kobe wa udongo, mkubwa kama kiganja, aliyefinyangwa bila haraka, mgongo wake umewekwa alama kwa kidole au kijiti. Bila wimbo huna kitu.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama, na ndipo pia nilipopata mashaka. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Audrey Richards, aliiona chisungu mwaka 1931 na kitabu chake kikatoka 1956. Alieleza kwamba vile vikubwa, vya udongo mbichi, hufinyangwa kwa ajili ya sherehe, na ikiisha vinavunjwa. Vidogo vya kuchomwa ndivyo makungwi hujiwekea. Maana yake ni kwamba makumbusho yanahifadhi vitu ambavyo vingine havikukusudiwa kudumu, na yanawaonyesha watu ambao havikukusudiwa kuonwa nao. Na aliyefanya hivyo ni padri, mwanamume asiyeoa, wa kanisa ambalo kwa miaka mingi lilihubiri kwamba chisungu ni upagani unaopaswa kukoma. Kejeli hiyo nadhani Corbeil mwenyewe aliiona. Aliwaendea wanawake wenyewe, makungwi, akaandika kila mbusa na maana yake, na mwaka 1982 akatoa kitabu. Kama asingefanya, mengi yangekwenda na wazee. Kwa kuwa alifanya, siri imekuwa maonyesho. Nimejaribu kuchagua upande na nimeshindwa. Ila nikilazimishwa, nitamshukuru padri na kumwomba yule mama anisamehe.

Tena tusijidanganye kwamba haya ni ya Wabemba tu. Huku Tanganyika, Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alikusanya vinyago vya udongo vya jando na unyago kwa Wasambaa, Wazigua, Wapare na wengine, na kitabu chake nacho kilitoka mwaka ule ule wa 1956. Makumbusho yetu ya Taifa pale Dar es Salaam yana mkusanyiko wake.

Jambo lililonigusa zaidi Moto Moto ni kwamba vitu vile viko umbali wa kufikika na wajukuu wa waliovifinyanga. Padri wa Kanada angeweza kuvipakia melini vyote, kama wenzake wengi walivyofanya. Wamoraviani walioanzisha misheni ya Mbozi mwaka 1899 wana makumbusho yao Herrnhut, Ujerumani, yaliyojengwa kwa vitu ambavyo wamisionari waliwapelekea nyumbani kutoka kila walikotumwa. Corbeil vyake alivibakiza Mbala. Ndiyo maana mfanyabiashara wa mchele anaweza kufika pale na kumfukuza mwanamume kwenye kabati.

Mbala ina pia upande wa vita. Wengi wenu mnajua kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu havikwisha siku hiyo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa ameshavuka tena Ruvuma kutoka Msumbiji mwishoni mwa Septemba, akapita Songea, akapita Ubena, akaja magharibi. Mwishoni mwa Oktoba jeshi lake lilipita Mbozi. Ndiyo, Mbozi hii hii. Siku za kwanza za Novemba wakapigana na Waingereza pale Fife, ngome iliyokuwa upande wa pili wa Tunduma ya leo, wakashindwa kuichukua, wakaendelea hadi Kasama. Habari za amani ziliwakuta tarehe 13 Novemba, na wakaweka silaha chini hapo Abercorn tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kulala usingizi. Wajerumani walikuwa hawafiki 160. Askari Waafrika walikuwa zaidi ya 1,100. Wapagazi na wanawake walikuwa wengi kuliko hao wote. Inasimuliwa kwamba silaha zao zilitoswa katika ziwa dogo la Chila, hapo hapo mjini.

Vitabu vingi vya vita hivyo vinamsifu jenerali kwa ujanja. Vinawataja wapagazi kwa idadi tu, na mara nyingi idadi yenyewe haipatani kitabu na kitabu. Upande wa Waingereza waliwaita tengatenga. Nguo, risasi, unga, dawa, mitutu ya mizinga, vyote vilipanda kichwani mwa mtu. Kijiji kilichopitiwa na majeshi hayo kiliachwa bila chakula na bila vijana, na mwaka huo huo mafua makali yaliyozunguka dunia yakafuata nyuma. Wapo watu Mbozi na Momba ambao babu wa babu zao walibeba. Wengine walirudi, wengine hawakurudi, na hakuna hata mmoja aliyeacha sanamu. Shikeni hili la wapagazi, tutalirudia.

Kuna jambo moja tu la mawe ya kale nitalitaja, kisha turudi nyumbani. Si mbali na Mbala ndipo yalipo maporomoko ya Kalambo, mpakani kabisa, maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Upande mmoja ni Zambia na mwingine ni mkoa wa Rukwa. Juu ya maporomoko, J. Desmond Clark alichimba kuanzia miaka ya 1950 akapata zana za mawe. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Liverpool ikatangaza kwamba pale pale yamepatikana magogo mawili, moja limechongwa pengo likaingiliana na jingine, na umri wake ni miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu walikuwa hawajatokea. Fundi seremala alitutangulia duniani! Udongo wenye maji ndio ulioyahifadhi magogo hayo. Mchwa wangeyakuta pakavu tusingekuwa na habari.

Haya, turudi kwetu. Ndolezi, wilaya ya Mbozi. Wengi mmefika, hasa wale wanaokwenda mwishoni mwa Juni wakati wa maadhimisho ya Siku ya Vimondo Duniani. Kama hujafika, usiogope kwamba ni mbali. Ni mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu ya Mbeya na Tunduma. Eneo linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, lina kituo cha kumbukumbu na taarifa, lakini kila mtu anapita harakaharaka kwenda kwa mwenyewe, kimondo cha Mbozi, donge lile la chuma lililolala wazi kilimani.

Likaribieni. Urefu wake ni kama mita tatu. Nyuso zake zina mabonde madogo madogo kana kwamba kuna mtu aliyebonyeza kwa vidole lilipokuwa laini, na pale wageni wanapolishika sana limeng'aa. Limelala juu ya nguzo ya zege, kwa sababu watafiti walichimba handaki kulizunguka wakaacha mhimili wa udongo chini yake, ndio ukajengewa. Nendeni kwenye pembe yake moja mtaona pamekatwa, uso umenyooka wima. Hapo ndipo D. R. Grantham wa idara ya jiolojia ya Tanganyika alipokata sampuli kwa msumeno wa chuma Desemba 1930, miezi miwili tu baada ya mpimaji ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, kulitangaza kwa ulimwengu. Sampuli ilionyesha kwamba ni chuma kwa takriban asilimia 90, na nikeli karibu asilimia 9.

Wenyeji hawakumsubiri Nott. Wanyiha walikuwa wahunzi wenye sifa, wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru yao, na simulizi za huko zinasema mhunzi ndiye aliyelikuta donge hili akitafuta kazi yake. Mnaweza kuwaza uso wake. Kutwa nzima mnakata kuni, mnachoma makaa, mnavukuta, ili mpate chuma cha jembe moja. Na hapa limelala la kutosha majembe ya nchi nzima, nalo linagoma kumeguka hata kwa nyundo.

Uzito wake? Utasikia tani 12, utasikia tani 25, kutegemea unamsoma nani, kwa kuwa yote ni makadirio. Mzani wa malori uko hapo Mpemba na kila lori linapandishwa, lakini mgeni huyu kutoka angani hajawahi kupandishwa. Na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Limebaki Ndolezi kwa sababu halikubebeka. Reli haikuwepo karibu, barabara ilikuwa ya vumbi na tope, na hakuna mtu wa kuliweka kichwani. Wakachukua kipande, wakaliacha lenyewe. Mwaka 1967 likawekwa chini ya ulinzi wa sheria kama kumbukumbu ya taifa, na limetulia.

Sasa msikieni mwenzake. Tarehe 16 Desemba 1938, kule Ivuna, wilaya ya Momba ya leo, karibu na ziwa Rukwa, kilianguka kimondo kingine. Hiki kilikuwa jiwe jeusi linalovunjika kirahisi, na vipande vyote vilivyookotwa vilifika gramu 705, chini ya kilo moja ya sukari. Wasikilizaji, wataalamu wa anga wakisikia jina la Ivuna wanasimama wima. Ivuna ndicho kielelezo cha kundi zima la vimondo linaloitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Ukiacha gesi zinazopaa, kama haidrojeni na heliamu, viasili vyake vina uwiano unaokaribiana na wa jua lenyewe, kwa hiyo ni mabaki ya mata iliyozaa jua na sayari, zaidi ya miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Dunia nzima ina vimondo vichache tu vya aina hii vilivyoonekana vikianguka.

Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudi duniani na gramu kama 5.4 za vumbi kutoka asteroidi ya Ryugu, baada ya safari ya miaka sita na gharama kubwa. Wataalamu walipolichunguza wakakuta linafanana sana na Ivuna. Maana yake ni kwamba kitu ambacho Wajapani walikifuata mamilioni ya kilomita kilishaangukia Momba kikajileta chenyewe, bure. Na wapi kilipo leo? Kimegawanyika. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia Asilia ya London yalipata kipande kikubwa kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani, na kinatunzwa ndani ya gesi ya naitrojeni ili hewa ya kawaida isikichakaze. Kinatunzwa vizuri, nakubali. Lakini mtoto wa Ivuna atakayetaka kukiona ataanza na viza.

Hesabu basi iko wazi: kilo zisizofika moja ziliondoka, tani zisizojulikana zimebaki.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu uzito peke yake hauokoi kitu. Tazameni Tendaguru, mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, kazi ikisimamiwa kwa upande wa wenyeji na Boheti bin Amrani, fundi ambaye jina lake lingestahili barabara. Ilikuwa zaidi ya tani 200. Mara nane au zaidi ya kimondo chetu! Na yote ilikwenda Berlin, ambako yule mnyama mwenye shingo ndefu amesimama mita 13 na zaidi kwenda juu. Iliwezekanaje? Mifupa inavunjika. Ilikatwa, ikafungwa kwenye mizigo ya saizi ya mtu, na wapagazi wakaibeba kichwani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, safari baada ya safari, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kinachoondoka ni kile kinachogawanyika kuwa mizigo ya mtu mmoja mmoja. Kimondo cha Mbozi ni kipande kimoja kigumu, basi. Kingekuwa tani hizo hizo za vipande, naamini leo tungekuwa tunakitazama kwenye picha.

Nchi imejifunza kidogo tangu hapo. Katika bonde la Rukwa, ambalo sehemu yake imo mkoani kwetu, timu za Watanzania na Wamarekani zimekuwa zikichimba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2013 walitangaza Rukwapithecus, taya la nyani mkubwa asiye na mkia wa miaka milioni 25 hivi, miongoni mwa mabaki ya kale zaidi ya ukoo huo. Mwaka 2017 wakatangaza dinosaria waliyemwita Shingopana songwensis. Mkoa wenye umri wa mwaka mmoja na ushei ukapata dinosaria wake! Mara nyingine mimi hujiuliza ni wangapi kati ya madereva wa bodaboda wa Tunduma wanaojua kwamba wana mnyama aliyeandikishwa kwa jina la mkoa wao katika sayansi ya dunia. Mabaki ya aina hii siku hizi ni mali ya taifa kwa sheria, yanatoka nje kwa uchunguzi na kurudi. Kurudi huko ni Dar es Salaam, lakini.

Sitaki kuwalilia London na Berlin jioni nzima. Nataka tuongee habari ya hapa. Tukipata jumba, hata dogo, Vwawa au Tunduma, tutaweka nini? Watu wakisikia makumbusho hufikiria mikuki. Mimi ningeanza na mpaka. Tunduma imekula na kulala kwa mpaka tangu Wajerumani na Waingereza walipogawana hapa kwa mkataba wa 1890. Yako wapi maburungutu ya kwacha za zamani, zile zilizokufa Zambia ilipofuta sifuri tatu mwaka 2013? Wabadilisha fedha wetu wanazo majumbani, naapa. Viko wapi vitambulisho na vibali vya kuvukia kabla ya kituo cha pamoja kuzinduliwa mwaka 2019? Viko wapi vitu vya madereva wa miaka ya 1960, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965 na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta na shaba kwenye barabara hii, wakati ule ya vumbi, ajali zake zikawafanya Wazungu waiite njia ya jehanamu? Bomba la TAZAMA lilikuja 1968, reli ya TAZARA ikafika Tunduma mwaka 1973. Wapo wazee waliovunja mawe na Wachina na wanaojua Kichina cha matusi tu, na wangesimulia kwa chupa moja ya soda.

Kuna chumvi ya Ivuna. Kabla ya kimondo, Ivuna ilijulikana kwa chemchemi za maji ya chumvi. Waakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba huko miaka ya 1960 wakakuta vigae vya vyungu vya kuchemshia chumvi vilivyoanza karne nyingi kabla ya Mzungu. Chungu, chumvi, jiwe la angani, vyote kijiji kimoja. Kuna kahawa ya Mbozi. Kuna nyundo na mivukuto ya Wanyiha, kama haijaingia kwenye mzani wa chuma chakavu. Hao wa chuma chakavu ndio wakusanyaji wakubwa wa mkoa kwa sasa, na hawaandiki lebo.

Na kuhusu vitu vya siri vya kina mama, tusirudie ya Mbala bila kuuliza. Waitwe wenyewe, Wandali, Wanyiha, Wanyamwanga, Wabungu, wakae, waamue kipi kiwekwe wazi na kipi kiwe chumba cha nyuma ambacho mwanamume haingii. Mlinzi nimeshampata, anauza mchele.

Kuhusu kile kipande cha London, sidhani kama tutakirudisha kesho, na sina hakika tuna chumba cha naitrojeni. Lakini kuazimana kupo. Makumbusho duniani yanaazimana kila siku, kwa bima na barua na kufuli. Gramu chache za Ivuna zikilala Songwe kwa miezi sita, watoto wa Kamsamba wakapanga mstari, hakuna atakayepungukiwa. Barua inaandikwa na halmashauri, inapitia wizara inayohusika na malikale. Madiwani mnanisikia.

Kitu cha kwanza nitakachokiomba, hata hivyo, hakihitaji barua. Ni sanduku la mbao la mpagazi, kilo 27 hivi, ratili 60 za wakati ule, na kata ya majani ya kuwekea kichwani. Lisiwekwe kabatini. Likae sakafuni, na kila mgeni alinyanyue, alitwike, atembee nalo mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, akiwa ameambiwa kwamba kutoka Mbozi hadi Abercorn kwa njia waliyopita, kupitia Fife na Kasama, lilitembezwa karibu mwezi mzima. Wenye mgongo mbovu wasamehewe. Mafundi seremala wa Mlowo, bei mnaijua ninyi. Nipigieni hapa redioni.